Mbu, Ua na Samaki

Sisi wa Baraka na Fizi twaijua malaria kama tuijuavyo njia ya ziwani. Watu wa kale walidhani yatokana na hewa mbaya ya mabwawa. Kumbe mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliviona vijidudu vyake tumboni mwa mbu. Tangu hapo adui akajulikana.

Katika milima ya Kivu, zamani za Wabelgiji, watu walilima pareto, ua ambalo unga wake huua wadudu. Kisha ikaja DDT, ambayo Paul Müller aligundua nguvu zake mwaka 1939. Watu wakashangilia. Lakini mbu si mjinga: wengi waliizoea, nao ndege na samaki wakadhurika.

Ndipo wataalamu wengine wakawageukia samaki wenyewe. Huko Kisii, nchini Kenya, walitia ngege katika mabwawa yaliyoachwa. Habari zao za mwaka 2007 zasema kwamba baada ya majuma 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua zaidi ya 94 kwa 100. Tena ngege ni kitoweo! Wengine hutumia majani ya mwarobaini kutengeneza chembe ndogo mno za madini ya fedha, ziuazo viluwiluwi. Hayo yangali ya maabara.

Nasi je? Mashimo tuliyochimba udongo wa matofali hujaa maji ya mvua, wala hayana samaki hata mmoja. Na vyandarua tulivyopewa tulale ndani yake, baadhi yetu tumevishona kuwa nyavu, tukavua ziwani hata vifaranga vya samaki.