Kadhi Aliyerudi Kusoma

Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Angali kijana, Sayyid Barghash alimfanya kadhi Zanzibar. Mwaka 1885 aliuacha ukadhi, akasafiri kutafuta elimu: Istanbul, alikokaa na Sayyid Fadhl bin Alawi, kisha Misri, Makka, hata Java. Aliporejea mwaka 1888 alirudishwa kwenye ukadhi, akafundisha hadi alipofariki mwaka 1925, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, hakusafiri kutafuta cheo. Cheo alikuwa nacho. Pili, aliporudi alipewa kazi, na elimu yake ikawafaa watu.

Leo mkoani Katavi ipo Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mbali na makao makuu yaliyopo Morogoro. Mhadhiri, mkutubi na fundi wa maabara wa huko wasisahauliwe katika ruhusa na gharama za masomo, wala anayekwenda kusoma asipoteze nafasi yake. Mwalimu asiyesoma huwanywesha wanafunzi maji yaliyotuama.