Raita, Vumbi na Nyimbo za Ukambani

Ukitaka kuandika historia ya muziki wa Wakamba wa karne hii, usianzie kwa wanamuziki. Anzia kwa raita, ile trei iliyokuwa ikitoka na kuingia kwenye kompyuta ya duka la nyimbo karibu na stendi, iwe Kitui mjini, Mwingi, Wote au Emali. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, miaka ya 1970, walirekodi Nairobi na santuri zao zikasafiri kurudi nyumbani. Kaseti ilirahisisha kunakili, ila kila nakala ilitoka hafifu kuliko mama yake. CD ya kuchoma ikavunja mpango wote. Nakala ya mia ni sawa na ya kwanza, na mwenye duka haombi ruhusa kwa mtu.

Philips na Sony walitoa kanuni za CD-R mwaka 1990. Ndani ya diski hiyo kuna tabaka la rangi, na leza huiunguza mahali hapa, ikaruka pale, hadi megabaiti 700 zijae, yaani dakika 80 za muziki. Kwetu teknolojia hii ilifika imechelewa, mara nyingi ndani ya kompyuta za mitumba, zile tunazoita ex-UK. Na ilifika kwenye joto, vumbi na stima ya kubahatisha.

Hapo ndipo fundi wa duka alipopata heshima yake. Watu walidhani kazi yake ni kubonyeza tu. Kumbe leza ikishaanza kuandika haisubiri mtu: kompyuta ikichelewa kuleta data hata kidogo, diski inaharibika na haifai tena. Mwaka 2000 Sanyo walileta BURN-Proof, ujanja wa kusimama na kuendelea pale pale, na kuanzia hapo raita isiyo na kitu cha aina hiyo haikuwa ya kununua. Stima ikipotea, lakini, hakuna ujanja. Diski ndiyo imekwenda.

Kasi nayo iliponza wengi. Kasi ya 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde. Kwenye 52x diski inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, na diski ya bei rahisi, nyepesi upande mmoja, inatetemeka humo ndani kama matatu kwenye murram. Fundi mwenye akili alishusha hadi 16x au 8x, mteja akanuna, lakini nyimbo zikacheza. Vumbi likitanda kwenye lenzi, raita inaanza kukataa diski moja moja, kisha zote, na mtu asiyejua anakimbilia kulaumu diski.

Halafu kuna mteja aliyerudi analalamika CD haichezi kwa gari. Mara nyingi shida haikuwa gari. Alichomewa mp3 na redio yake inajua CD ya muziki pekee, au diski haikufungwa mwishoni, au alipewa ya RW, ambayo huakisi mwanga kidogo mno na redio za zamani haziioni kabisa.

Kuhusu wizi, sitaki kuwa mnafiki. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilileta KECOBO, na stika zikatakiwa kwenye kazi halali, lakini raita ya dukani haikujua stika ni nini. Wanamuziki waliumia, na jasho lao liliuzwa na watu ambao hawakuwahi kushika gita. Lakini raita hiyo hiyo ndiyo iliyomwezesha kijana asiye na nauli ya River Road kuchoma diski zake ishirini na kuziuza siku ya soko. Ukisimulia upande mmoja tu, unadanganya.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Duka lile lile lilichoma pia video za harusi, kwaya za AIC, ruracio za jirani na matanga. Hizo hazikuuzwa kwa maelfu. Zilitoka nakala tatu au nne, na leo imebaki moja, imekaa juu ya kabati chini ya mabati, kwenye joto la Mutomo au Kibwezi. Rangi ya diski haipendi joto wala jua. Shangazi yangu ana DVD ya mazishi ya nyanya, na ndiyo mahali pekee palipobaki sauti ya babu akizungumza. Hakuna picha wala sauti nyingine. Nilipoiweka kwenye laptopu ya rafiki, ilizunguka, ikanyamaza.

Kwa hiyo ukienda kutafuta draivu, sikiliza. Mimi nachagua ile nene ya kompyuta ya mezani, ya SATA, kabla ya ile nyembamba ya USB. Mota yake ina nguvu na husimama imara. Ukilazimika kununua ya USB, tafuta yenye plagi mbili, maana tundu moja wakati mwingine halitoi umeme wa kutosha. Usiridhike na draivu moja, kwani diski inayokataliwa na hii hukubaliwa na ile. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Soma polepole. Programu ya ddrescue, ambayo ni ya bure, huchukua kwanza sehemu nzuri kisha inarudi kwenye mbovu bila kuchoka. Kama DVD haikufungwa, IsoBuster inaweza kuona kilichomo.

DVD ya shangazi ilifunguka kwenye draivu ya tatu, iliyotolewa kwenye kompyuta ya duka lililofungwa. Dakika nne za katikati hazikupatikana. Babu anaongea kuanzia ya kumi na moja.

Taiyo Yuden, Wajapani waliosaidia kubuni diski hizi, waliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2015. Draivu za mitumba bado zipo Nairobi, kwa sasa. Nimenunua mbili zaidi. Jirani ameshaleta mfuko wa diski, hazina hata majina.