Ufunguo wa gari umepotea au rimoti imegoma: kipi utume Ubungo kwa basi, kipi kinahitaji gari lenyewe

Magari yanayoingia Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hupita Ubungo. Mabasi ya mikoani nayo huishia Mbezi Luis, ndani ya wilaya hiyohiyo, kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichozinduliwa Februari 2021. Kwa hiyo msikilizaji wetu wa mkoani akiharibikiwa na ufunguo, wazo la kwanza humjia haraka: funga kifurushi, kipe basi, fundi wa Ubungo akipokee, kesho kirudi.

Wakati mwingine inawezekana kabisa. Wakati mwingine kifurushi hurudi na ufunguo unaofungua mlango lakini hauwashi injini. Nauli ya kifurushi imekwenda, hela ya fundi imekwenda, na Noah ya abiria au Probox ya kupeleka nyanya sokoni imelala siku tatu. Tofauti ni kujua mapema ni kitu gani hasa kimeharibika.

Ufunguo mmoja, vitu vitatu

Ufunguo wa gari la siku hizi unaweza kuwa na vitu vitatu vinavyofanya kazi tofauti.

Cha kwanza ni chuma chenye meno. Hiki hufungua mlango na kuzungusha swichi. Fundi wa kuchonga funguo anaweza kukitengeneza kwa kufuata cha zamani.

Cha pili ni chipu. Ni kitu kidogo, mara nyingi si kikubwa kuliko punje chache za mchele, kilichofichwa ndani ya kichwa cha plastiki. Chipu haina betri. Ukiingiza ufunguo kwenye swichi, koili iliyozunguka swichi huipa nguvu, nayo hutoa namba yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua namba hiyo, injini inaruhusiwa kuwaka.

Cha tatu ni rimoti, yaani vitufe vya kufunga na kufungua milango kwa mbali. Hii ndiyo inayotumia betri.

Shika hili: kwa gari la kuzungusha ufunguo, betri ya rimoti ikiisha gari bado linawaka. Fungua mlango kwa chuma, ingiza ufunguo, washa. Anayekuambia gari haliwaki kwa sababu ya betri ya rimoti hajakuambia ukweli, au hajui.

Je, gari lako lina chipu?

Si magari yote yenye chipu. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliyalazimu magari mapya kuwa na kinga hiyo kuanzia 1998, lakini magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo na ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo ndiyo yamejaa barabarani kwetu, yalitoka kiwandani bila chipu. Mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana, hivyo usitegemee ufunguo wa jirani.

Angalia dashibodi. Gari likiwa limezimwa na ufunguo umetolewa, taa ndogo nyekundu inayowakawaka, wakati mwingine yenye picha ya gari au ya ufunguo, ni dalili kuwa kinga ipo. Taa ya alamu iliyofungwa baadaye inaweza kufanana nayo, kwa hiyo mwulize pia fundi. Ukiingiza ufunguo sahihi, taa ya kinga huzimika. Ikiendelea kuwakawaka, na stata inapiga lakini injini haishiki, au inashika na kuzima papo hapo, gari halijaitambua chipu. Hapo kuchonga chuma kingine hakutasaidia.

Kabla ya kumwita fundi, tenganisha funguo zako. Funguo mbili zenye chipu zikikaa kwenye mkufu mmoja zinaweza kuvurugana.

Rimoti imegoma

Anza na betri. Ni ile ya duara kama sarafu, na namba yake imeandikwa juu: CR2032, CR2016 au CR1632. Tarakimu mbili za kwanza ni upana kwa milimita, mbili za mwisho ni unene. Kwa hiyo CR2016 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 1.6. Nunua namba ileile, kwa sababu nyembamba kuliko inayotakiwa italegea na kukatakata.

Betri mpya isiposaidia, tazama vitufe na bodi ya ndani. Rimoti iliyofuliwa ndani ya suruali huota kutu. Toa betri mara moja, ikaushe vizuri kivulini, kisha ijaribu. Kitufe kilichoachia solda hurudishwa na fundi wa redio au simu hata kwenye mji mdogo.

Wengi hujaribu rimoti kwa kuielekeza kwenye kamera ya simu. Njia hiyo ni ya rimoti ya televisheni, ambayo hutoa mwanga. Rimoti za magari mengi hutumia mawimbi ya redio, na kamera haiyaoni.

Ukinunua rimoti nyingine, masafa lazima yalingane. Magari ya soko la Japani kwa kawaida hutumia megahezi 315 au karibu yake. Ya Ulaya hutumia 433. Sura inaweza kufanana na bado zisielewane.

Kama ni plastiki tu iliyovunjika, nunua ganda jipya. Lakini usitupe la zamani kabla hujahakikisha chipu imehamishwa. Kuna watu wametupa chipu pamoja na ganda bovu, wakageuza kazi ndogo kuwa kubwa.

Ufunguo mmoja bado unao

Hapa ndipo basi linaweza kukusaidia. Gari lisilo na chipu: tuma ufunguo, uchongewe mwingine, urudi. Gari lenye chipu ya zamani: fundi mwenye mashine anaweza kuisoma na kuandika nakala yake kwenye chipu mpya, na gari litaona ni ufunguo uleule. Chipu za karibuni ni ngumu zaidi; nyingi zinahitaji gari liwepo ili fundi achukue taarifa kwenye swichi au ausajili ufunguo kwenye kompyuta.

Ubaya ni kwamba ukiutuma ufunguo pekee ulionao, gari linalala, na kifurushi kikipotea umebaki bila kitu. Ni salama zaidi kuchonga wa pili siku ukienda Dar na gari lako. Magari mengi ya mtumba hufika na ufunguo mmoja tu, na kutengeneza wa pili wakati wa kwanza upo ni rahisi kuliko kuanza bila hata mmoja.

Funguo zote zimepotea

Hapa usitume kifurushi kabla ya kuzungumza na fundi. Mtu wa kuchonga anahitaji kusoma meno kutoka kwenye kitasa cha mlango, na chipu mpya lazima itambulishwe kwenye gari. Mara nyingi fundi atakufuata, au gari litavutwa. Kwa baadhi ya Toyota za zamani, boksi la kompyuta linaweza kufunguliwa na kutumwa ili kumbukumbu yake iandikwe upya, lakini hilo lifanywe na fundi umeme anayejua, wala si kwa kubahatisha.

Usikubali kuvunja swichi kwa haraka. Swichi ikivunjwa, kinga ya chipu bado ipo, na sasa una matatizo mawili.

Gari la kubonyeza kitufe

Kama gari halina sehemu ya kuingiza ufunguo, kuisha kwa betri si mwisho. Ndani ya rimoti hiyo kuna ufunguo mdogo wa chuma. Uchomoe, fungua mlango. Kisha kwa magari mengi, Toyota zikiwemo, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, halafu bonyeza kitufe.

Polisi na kadi ya gari

Ufunguo ukipotea, toa taarifa. Jeshi la Polisi lina mfumo wa taarifa za upotevu mtandaoni, LORMIS, na kituo cha polisi kilicho karibu nawe kipo. Ukihisi umeibiwa, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Fundi makini atakuomba kadi ya gari na kitambulisho. Usikasirike. Anayechonga bila kuuliza atamchongea na mwizi wa gari lako. Mwombe pia aufute ufunguo uliopotea kwenye kumbukumbu ya gari, ili aliyeuokota asiweze kuwasha. Bado chuma chake kitafungua mlango, kwa hiyo usiache mali ndani.

Kabla ya kutuma hela

Mpigie fundi ukiwa na aina ya gari, mwaka, na namba ya chesisi iliyo kwenye kadi, mfano zile zinazoanza na NCP61 kwa Toyota IST. Mweleze taa ya dashibodi inafanya nini. Muulize kama bei ni ya chuma pekee au pamoja na chipu na kusajili, na kama gari lazima liwepo. Toa kianzio, malizia ukishawasha.

Picha ya ufunguo usiiweke kwenye kundi la WhatsApp. Meno yake yanaweza kuchongwa kwa kutazama picha.