Vitabu Viwili, Ndoa Moja: Habari za Bibi wa Sicilia

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta humu nasaba za upande wangu: nani bin nani, alitoka Oman lini, alishukia Unguja au Mombasa. Leo nageukia upande wa wakwe zangu, ambao nao ni nusu ya nasaba ya wanangu. Mke wangu amezaliwa Marekani, na asili ya mama yake ni mji mdogo wa wachimbaji wa salfa, upande wa Caltanissetta, katikati ya kisiwa cha Sicilia. Kwa upande wa baba, wanangu huhesabu mababu saba bila kusita. Kwa upande wa mama walikuwa wakifika kwa bibi mmoja na kukwama, kwa sababu aila yenyewe ilikuwa imeamua kunyamaza.

Huyo alikuwa bibi yake mama mkwe wangu, aliyezaliwa katika miaka ya 1870 na kuhamia Marekani akiwa mtu mzima. Zamani, kabla sijaingia katika aila hiyo, jamaa mmoja alipata nakala ya hati yake ya kuzaliwa, iliyotolewa katika daftari la serikali. Baba alitajwa kwa jina, umri na kazi. Mama hakutajwa. Iliandikwa tu kwamba mtoto amezaliwa na mwanamke asiyeolewa, ambaye hana udugu na baba wa kuzuia mtoto asitambuliwe. Jamaa yule akaikunja karatasi, na tangu siku hiyo ikanong'onwa kwamba bibi alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Mama mkwe wangu aliubeba mnong'ono huo mpaka uzeeni.

Ili kuielewa karatasi ile, yapasa kwanza kujua ni nani aliyeandika habari za watu katika kisiwa hicho. Wa kwanza ni Kanisa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaamuru mapadri wa parokia kuweka vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Wa pili ni serikali. Mwaka 1820, chini ya Ufalme wa Sicilia Mbili, kila mji ulianza kuandika wazaliwa, ndoa na vifo mbele ya meya. Katika vitabu hivyo vya mwanzo ukurasa uligawanywa safu mbili: upande mmoja maneno ya meya, upande wa pili taarifa ya padri kwamba mtoto amebatizwa au kwamba wachumba wamefungishwa ndoa kanisani. Dini na dola viliandikwa katika ukurasa mmoja.

Mwaka 1861 ukaundwa Ufalme wa Italia, na tarehe 1 Januari 1866 sheria mpya ya madai ikaanza kutumika. Kuanzia siku hiyo, ndoa iliyotambuliwa na serikali ilikuwa ile tu iliyofungwa mbele ya ofisa wake. Safu ya padri ikaondoka kitabuni. Wakati huohuo Kanisa na dola mpya walikuwa katika uhasama mkubwa: mali za watawa zilitwaliwa, na mwaka 1870 Roma yenyewe ikachukuliwa kutoka kwa Papa. Watu wengi, hasa wa miji midogo na mashamba, waliendelea kuoa na kuolewa kanisani na kuona kwamba jambo limekwisha. Mbele ya Mungu na majirani walikuwa mume na mke. Mbele ya meya, mke alikuwa mwanamke asiyeolewa, na baba aliyekwenda kumwandikisha mtoto wake aliweza kumtambua kuwa wake huku jina la mama likiachwa nje. Hali hiyo ilidumu mpaka mapatano ya mwaka 1929, yaliyoipa ndoa ya kanisani nguvu ya kisheria.

Hapo ndipo nilipoanza kuishuku karatasi ya jamaa yetu. Vitabu vya serikali tulivisoma kwanza nyumbani, kwa kuwa hifadhi za nyaraka za Italia zimeweka picha za sehemu kubwa yake kwenye mtandao uitwao Antenati, neno lenye maana ya mababu, na kuvisoma ni bure. Vitabu vya kanisa tulivifuata huko huko parokiani.

Padri alitufungulia kitabu cha ubatizo. Siku mbili baada ya tarehe ya hati ya serikali, mtoto yuleyule ameandikwa kwa Kilatini: binti wa fulani na fulani, mume na mke. Jina la mama limo, pamoja na jina la baba yake. Katika kitabu cha ndoa tukarudi nyuma miezi kumi na moja, tukawakuta wote wawili, na mashahidi wao, baada ya ndoa kutangazwa kanisani siku tatu kama ilivyokuwa desturi.

Tuliporudi kwenye daftari la serikali tukaona kilichompita jamaa yetu. Nakala yake ilikuwa na maneno ya mwanzo tu. Pambizoni mwa kitabu chenyewe pana mistari midogo iliyoongezwa baada ya miaka kadhaa: wazazi wamefunga ndoa mbele ya meya, na mtoto amehalalishwa. Katika hati ya ndoa hiyo ya pili wamewatambua watoto watatu. Vitabu vya kanisa, hata hivyo, vinataja watano. Desturi ya Sicilia ni kumpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na sisi tulikuta wavulana wawili wenye jina hilo. Wa kwanza alikufa kabla ya kutimiza miaka miwili, na jina la babu likapewa aliyemfuata. Baada yao akafa mtoto wa kike. Baba alikuwa mchimbaji. Vumbi la salfa aliingia nalo nyumbani kila jioni, na mara mbili alikwenda kwa meya kuandikisha msiba.

Mama mkwe wangu tulimsomea hayo yote mezani kwake. Hakusema mengi. Aliomba tulisome tena jina la yule mama aliyeachwa nje ya karatasi, kisha akalitamka mwenyewe.

Ndugu zangu, kisa hiki hakiko mbali nasi. Bibi yangu mzaa baba aliolewa Unguja kwa nikahi iliyoshuhudiwa na mtaa mzima, mahari ikatajwa, biriani ikaliwa. Alipohama hakuwa na cheti, na katika makaratasi ya ugenini akaandikwa kuwa hana mume. Mjukuu atakayeiona karatasi hiyo miaka mia ijayo, asipokuwa na habari nyingine, atasema nini juu yake?

Na kuna jambo moja ambalo vitabu vya Sicilia vimenionesha juu ya nasaba yetu. Nina mababu saba, bin kwa bin, lakini nikiulizwa mama wa babu wa nne alikuwa binti wa nani, sina jibu. Padri wa mji ule mdogo aliandika majina ya kina mama na ya baba zao, akaandika hata watoto walioishi miezi michache. Sisi tulihifadhi shina tukaacha matawi.

Basi anayepata hati moja asiharakishe kuhukumu. Asome pambizo, atafute kitabu cha pili, aulize sheria ya siku zile ilisemaje. Na ambaye shangazi au bibi yake yu hai, akae naye wiki hii amtajie majina ya kina mama, na ya watoto waliozikwa wadogo, naye ayaandike.