Njia za Milima Yetu: Kutoka Miguu hadi Baiskeli

Ndugu zetu wa Usambara, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Milima yetu ilikuwa na njia kabla ya gari. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alizipanda kwa miguu hadi Vugha, kwa Mfalme Kimweri. Mwaka 1905 reli ya Tanga ilifika Mombo, ikabaki chini ya mlima. Huku juu tukaendelea kubeba kichwani. Baiskeli ilipokuja, tuliisukuma kupanda na kuiendesha kushuka, mboga zimefungwa nyuma, breki zikilia.

Leo wageni huacha magari Lushoto, wakaenda kwa baiskeli hadi Mtae, ambako mlima hukatika ghafla na tambarare ya Mkomazi huonekana chini. Tulichokiona kuwa shida yetu ndicho wanachokifuata. Hula na kulala kwetu, wakiongozwa na vijana wetu.

Lakini kila masika mvua huzichimba njia hizo, nazo ndizo zinazompeleka mtoto shuleni na mgonjwa zahanati. Mchango wa mwaka huu ni wa mifereji na vivuko. Wazee walizilima kwa jembe, zisitufie mikononi.