Msaidizi wa Stoo katika Idara ya Maji: Kazi Yake, Hesabu Yake na Amana Yake

Bomba kubwa likipasuka usiku na mtaa mzima ukaamkia mifereji mikavu, lawama humwangukia fundi. Wachache huuliza: je, kifaa cha kuzibia kilikuwako stoo? Kama hakikuwako, fundi hata awe hodari vipi atasimama kando ya shimo akitazama maji yakienda. Ndiyo sababu kazi ya msaidizi wa stoo, ambayo vijana wetu wengi huiona ni ya kubeba na kupanga tu, inastahili kuelezwa vizuri.

Mahali kazi yenyewe ilipo

Kwa Sheria ya Maji ya 2016, kusambaza maji ni jukumu la serikali za kaunti kupitia kampuni zao. Hapa Pwani tunazo za Mombasa, Kwale, Kilifi na Mariakani, Malindi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Maji yenyewe, kwa Mombasa na majirani zake, hutoka mbali: chemchemi za Mzima, visima vya Baricho kandokando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi. Bomba la Mzima peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Njia ndefu kama hizo hazikosi kuvuja, na kila panapovuja pana kifaa kinachotakiwa kutoka stoo.

Ndani ya stoo ya maji utakuta mabomba ya plastiki na ya chuma, soketi, elbo, tii, vali, mita za wateja, vibanio vya kuzibia nyufa, gundi, pampu na vipuri vyake, dawa ya klorini, na mahali penye maji ya tope, shabu ya kuyatuliza.

Karatasi tatu za kuzijua

Mali ikifika, msaidizi haipokei kwa kuangalia lori tu. Huchukua LPO na hati iliyokuja na mzigo, kisha huhesabu kimoja kimoja. Kamati ya ukaguzi na upokeaji, inayotajwa katika Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015, huthibitisha kuwa kilicholetwa ndicho kilichoagizwa, kwa idadi na kwa ubora. Hapo ndipo hati ya kupokelea, maarufu kama S13, hujazwa.

Mali ikitoka, hujazwa S11: nani ameomba, nani ameidhinisha, ni kwa kazi gani, na nani amechukua. Karatasi ya tatu ni kadi inayokaa kwenye rafu pamoja na mali yenyewe. Kila kinachoingia au kutoka huandikwa papo hapo, na salio hubadilishwa. Mkaguzi akija, atahesabu vilivyo rafuni, atazame kadi, kisha atazame leja ya ofisini. Vitu hivyo vitatu vinatakiwa kusema neno moja.

Hesabu ya kuagiza kabla ya kwisha

Msaidizi mzuri hangoji rafu iwe tupu. Tuseme vibanio vya kuzibia hutumika 10 kwa wiki, na ununuzi huchukua wiki 6. Basi vinahitajika 60 vya kungojea mzigo mpya, na akiba ya dharura tuseme 20. Salio likifika 80, aandike ombi siku hiyo hiyo. Akingoja yabaki 15, mtaa fulani utakaa bila maji kwa sababu ya kalamu iliyochelewa.

Joto, chumvi na sumu

Hewa yetu ya Pwani ina chumvi, na chuma hushika kutu upesi. Mabomba ya plastiki nayo huharibiwa na jua kali. Yakiachwa uwanjani muda mrefu hukauka na kupasuka kwa urahisi. Kwa hivyo kivuli ni sehemu ya utunzaji, si anasa.

Klorini inahitaji uangalifu zaidi. Ile ya unga hupoteza nguvu kwa joto na unyevu, kwa hiyo iliyotangulia kuingia ndiyo itangulie kutoka. Isiwekwe karibu na mafuta, asidi wala rangi, kwa maana inaweza kuzusha moto au gesi ya sumu. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa na hutanda chini, kwa hiyo chumba chake kiwe na matundu ya hewa karibu na sakafu. Glavu na kinga ya uso ni haki ya mfanyakazi, si hisani ya mkubwa.

Hapa pana afya ya watu. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Unga uliochakaa stoo unaweza kutiwa kwa kipimo kilekile na bado maji yasiwe salama.

"Chukua, tutaandika kesho"

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi upotevu hauanzi kwa mwizi kuvunja kufuli. Huanza usiku wa dharura, fundi ana haraka, na mtu anasema, "Chukua, tutaandika kesho." Kesho ina mambo yake. Fundi alichukua mabomba 6, akatumia 4. Mawili hayakurudi na hakuna wa kuulizwa.

Dharura haikatazi kuandika. Daftari la dharura likae mlangoni, mchukuaji atie saini hapo hapo, na S11 ijazwe asubuhi. Masalio yarudi kwa hati kama yalivyotoka kwa hati. Mita kuukuu za shaba nazo zihesabiwe, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawako mbali. Sheria inataka mali iliyochakaa iuzwe kwa utaratibu maalumu, na mtumishi haruhusiwi kujiuzia ovyo.

Ripoti za WASREB, msimamizi wa sekta hii, zimekuwa zikionyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa nchini hayaingizi pato: mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hayapimwi vizuri. Stoo haiwezi kuponya yote hayo, lakini isipokuwa na mita wala vibanio, hakuna litakalopona.

Kwa anayetaka kuingia

Mara nyingi huhitajika KCSE na cheti cha ununuzi na ugavi, pamoja na kujua kompyuta. Ukiendelea kusoma, unaweza kufikia diploma, ukajisajili na taasisi ya KISM na kupanda hadi afisa ugavi. Nafasi za umma hutangazwa wazi. Anayekudai pesa ili akuingize ni tapeli.

Ukishaajiriwa, utakutana na mkubwa atakayekutaka utoe mali bila karatasi. Usibishane naye, mpe fomu kwa adabu atie saini yake. Akikataa kutia saini, mali ibaki rafuni, na umwarifu msimamizi wako kwa maandishi. Kadi hiyo ndiyo itakayokutetea siku ya ukaguzi.