Gauni Kuukuu na Habari Zake

Robota la mitumba likatwapo kamba sokoni Magunga, wanawake huliinamia lundo kama kuku walioona mtama umemwagika. Nami huinama pamoja nao, ijapokuwa wanafunzi wangu wapitao hucheka kumwona mwalimu wao ana gauni moja kwapani na jingine begani. Wenzangu hutafuta sweta za kukinga baridi ya milima ya Gwassi, suruali za kazi na nguo za watoto. Mimi hutafuta magauni ya kale ya kiangazi: yale mepesi ya pamba, yenye maua, yaliyobana kiunoni na kupanuka chini, ambayo wanawake wa Uingereza na Marekani waliyavaa miaka sitini au sabini iliyopita. Hayapatikani kila siku. Katika miaka tisa nimepata kumi na manane tu, na muuzaji mmoja amekwisha kuzijua tabia zangu. Anionapo huniita, "Mwalimu, njoo! Nimekuwekea gauni la nyanya yako."

Anafanya mzaha, walakini mzaha huo hunichoma kuliko anavyodhani.

Yapasa kwanza niseme kwa nini nayapenda. Huko yalikoshonwa kiangazi ni miezi mitatu, na gauni la kiangazi hutolewa sandukuni kwa furaha, likavaliwa siku chache, likarudishwa. Huku kwetu jua halihesabiwi kwa miezi. Gauni ambalo mwenyewe wa kwanza alilivaa kwa matembezi ya Jumapili, mimi hulivaa darasani Januari, wakati wa oro, upepo wa ziwa unapokuwa mkavu na chaki inakauka vidoleni. Hulivaa tena Julai. Pamba yake hupitisha hewa. Mapindo yake ni mapana, na ndani ya mishono imeachwa nafasi ya kupanulia, kwa maana mshonaji alijua ya kuwa mwili wa mwanadamu haukai hali moja. Nguo za leo aghalabu hukatwa kana kwamba mvaaji ataishi msimu mmoja, kisha afe.

Tena gauni husomeka, na hili ndilo nililotaka kukuonyesha wewe mwanafunzi wa historia. Geuza nguo ndani nje. Zipu ya chuma iliyotiwa ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, mara nyingi ni ya miaka ya 1940 au 1950. Zipu za nailoni zilienea katika miaka ya 1960. Tazama lebo. Sheria ya Marekani iliyolazimisha nguo kuwa na maelezo ya kufulia ilianza kutumika mwaka 1972, basi gauni la huko lisilo na maelezo hayo, wala halina alama ya lebo iliyokatwa, yaelekea lina umri mkubwa kuliko huo. Katika nguo za Uingereza za kati ya 1941 na 1952 huweza kuonekana chapa ya herufi C mbili na tarakimu 41. Hiyo ni alama ya serikali ya wakati wa vita na miaka iliyofuata, ilipoamuru kiasi cha kitambaa na bei ya vazi. Vita vilipokwisha, wanawake waliochoka na sketi nyembamba walitaka yadi nyingi za kitambaa. Kampuni ya Horrockses ya Preston, iliyokuwa ikitengeneza nguo za pamba tangu 1791, ilianza mwaka 1946 kushona magauni ya maua ambayo bado yanasifiwa, na Malkia Elizabeth II alivaa baadhi yake katika safari yake ndefu ya 1953 na 1954. Safari hiyo ilimfikisha hata kwenye ziwa letu: mwezi wa Aprili 1954 alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja.

Sasa niyaache magauni ya wageni, nieleze habari za kwetu, ambazo hazikuandikwa katika lebo yoyote.

Wazee wetu, Wasuba na Wajaluo, walivaa ngozi, na mwanamke aliyeolewa alijulikana kwa chieno, mkia wa nyuzi uliofungwa kiunoni kwa nyuma. Haukuwa uchi, kama wageni walivyoandika. Ulikuwa heshima, na mke asiye nao alihesabiwa kuwa amekosa adabu. Kitambaa kilitujia kutoka pwani. Wafanya biashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, walikuwa wakileta Unguja pamba isiyopaushwa, ambayo watu waliiita merikani, na misafara ikaichukua hadi bara. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa ilishuka bei na maduka ya Wahindi yakaenea kandokando ya ziwa. Wamisionari Waadventista walijenga Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Watu waliotangulia kwenda misheni na kuvaa nguo waliitwa jonanga, maana yake watu wa nguo. Zingatia jina hilo. Hawakuitwa watu wa kitabu wala watu wa sala; walitajwa kwa kile kilichoonekana kwanza.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1913 mtu wa Alego aliyeitwa Onyango Dunde alitangaza ya kuwa nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza akamtema akiwa mzima, akampa ujumbe. Wafuasi wa Mumbo waliambiwa wavae ngozi, wafuge nywele, waache nguo za Wazungu, kwa kuwa wageni hao karibu watatoweka. Mahubiri hayo yalivuka hadi upande wetu wa kusini na kuingia Ukisii. Vita vilipofika mji wa Kisii Septemba 1914, na maofisa wa Kiingereza wakaondoka kwa muda, watu waliingia wakateka mali mjini na katika vituo vya misheni. Baadaye serikali iliwahamishia Lamu baadhi ya viongozi wa Mumbo.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilizoea kuwacheka watu hawa. Siku hizi siwacheki. Shati lilimjia mwanamume pamoja na kodi ya nyumba, na kodi ikampeleka kufanya kazi mbali ili apate fedha, na sehemu ya fedha hiyo ikarudi dukani kununua shati jingine. Aliyeambiwa alivue alielewa vizuri ni kamba gani iliyofungwa hapo. Walakini wanawake wengi wa wakati ule hawakupewa nafasi ya kuchagua njia yoyote. Machifu, makarani na vibarua walivaa kwanza. Wake zao walingoja, wengi wao mpaka miaka ya baina ya vita viwili vya dunia, na walipovua chieno waligombezwa na mama wakwe nyumbani, na walipokivaa waligombezwa kanisani.

Hapo ndipo aingiapo nyanya yangu. Aliolewa katika miaka ya 1950. Babu alikuwa kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho, na likizo moja alirudi na kitambaa cha samawati chenye madoa meupe. Fundi aliyekuwa na cherehani barazani pa duka alikishona gauni. Hayo ndiyo niliyoyajua kwa miaka mingi, na niliyajua kwa kusikia, maana mimi mwenyewe gauni lile sikuliona.

Nilimwuliza mama lilikwenda wapi. Alinijibu kwa utaratibu, kama mtu asomaye orodha. Kwanza lilikuwa la kanisani. Lilipofifia likawa la sokoni, kisha la shambani. Lilipochanika mgongoni, nyanya alilikata sketi akapata nepi za shangazi yangu. Kilichobaki kilikuwa kitambaa cha kuipulia sufuria motoni. Vipande vya mwisho vilisokotwa tambi za kibatari, na mama alisomea mwanga wake akiwa darasa la tatu.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi nikiyapiga pasi magauni yangu kumi na manane. Gauni la mwanamke wa Preston au Chicago limenifikia mimi kwa sababu alikuwa na mengine. Aliweza kulisahau sandukuni. La nyanya halikunifikia kwa sababu lilikuwa moja. Ukiingia katika majumba ya makumbusho ya nchi zilizoendelea utaona nguo safi zimesimamishwa nyuma ya vioo, ukadhani watu wa kale wote walivaa hivyo. Zilizobaki ni zile ambazo hazikuhitajiwa sana. Nguo iliyovaliwa kweli haibaki, na mwanahistoria asiyelijua hilo ataandika habari za wenye masanduku tu.

Wapo wanaoniambia ya kuwa napenda takataka za Wazungu, na sina jibu la kuwanyamazisha kabisa. Watanzania walizoea kuziita nguo hizi kafa Ulaya, na Waghana huziita kwa jina lenye maana hiyo hiyo. Serikali yetu ilipofungua soko katika miaka ya 1990 mitumba iliingia kwa wingi, na viwanda vyetu vya nguo, kama KICOMI cha Kisumu, vilianguka, ingawa mitumba haikuwa sababu ya pekee. Deni, uongozi mbaya na bei ya pamba vilisaidia kuvizika. Wakulima wa pamba wa Nyanza Kusini waling'oa mipamba yao. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole. Kenya ikajitoa, Rwanda ikashikilia neno lake, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nguo zake nafasi ya kuingia huko bila ushuru. Kati ya Machi na Agosti 2020, wakati wa tauni ya korona, uingizaji ulipigwa marufuku Kenya, na mama yule aniwekeaye magauni alikaa na meza tupu. Sikufurahi kumwona vile, wala sifurahi nipitapo karibu na ginneri ambayo haichambui tena pamba. Mambo yote mawili ni kweli, nami naendelea kununua.

Mwaka jana, wakati wa mvua za Aprili, nililiona katika lundo gauni la samawati lenye madoa meupe. Zipu yake ilikuwa ya chuma, ubavuni. Nililipa bila kuomba punguzo, jambo lililomshangaza muuzaji, nikalipeleka nyumbani kwa mama.

Alilishika kwa muda mrefu. Aliligeuza ndani, akapitisha kidole juu ya pindo, akatikisa kichwa.

"Si hili, mwanangu," akasema. "La mama lilikuwa na madoa madogo kuliko haya. Na pindo lilikuwa la vidole vinne, fundi aliambiwa aache nguo ya kuteremshia. Tena lilikuwa na mfuko, upande wa kulia, ndani, usioonekana."

Nikauliza mfuko ulikuwa wa nini.

"Wa fedha zake za samaki. Baba hakuujua."

Habari za fedha za samaki sikuwa nimepata kuzisikia hata mara moja. Nilichukua daftari la maazimio ya kazi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, nikamwomba aanze tangu mwanzo.